Mchanga Hula Chuma

Nilizaliwa Madogo, ng'ambo ya daraja la Garissa, mwaka 1961, ule wa mafuriko makubwa. Sisi Wamalakote ni watu wa mto. Tunajua mahindi, ndizi, samaki na mtumbwi. Chuma hakikuwa chetu. Lakini mwaka 1978, nikiwa na miaka 17, nilidandia lori lililobeba mapipa ya dizeli kuelekea upande wa Modogashe, na huko nikashuka nikiwa tanboi, yaani msaidizi, wa katapila. Nauli sikutozwa. Nimeilipa baadaye, kwa mgongo.

Katapila hapa kwetu ni kila kitu kinachotembea kwa minyororo. Wakenya wengi husema tingatinga. Mwaka 1997 chama cha NDP kilipoingia uchaguzini na alama ya trekta, Raila Odinga alibandikwa jina la Tinga, likamganda. Wasomali wa Garissa husema cagaf-cagaf, na mtoto akilitamka mbio mbio utadhani ni injini inayokataa kuwaka. Ila sisi mafundi tunatenganisha. Buldoza ina bamba mbele, kazi yake kusukuma. Mashine yangu mimi ni shovo: ina baketi, huchota, huinua, hugeukia papo hapo na kumwaga kwenye lori. Wazee waliofanya kazi enzi za mkoloni waliiita traksakaveta. Jina hilo walilirithi kwa kampuni ya Trackson ya Milwaukee, Marekani, iliyokuwa ikifunga baketi kwenye matrekta ya Caterpillar tangu miaka ya 1930. Caterpillar waliinunua Trackson mwaka 1951, na mwaka 1955 wakatoa shovo mpya kadhaa, mojawapo ikiwa 955, nyanya wa hii ninayoisimulia.

Caterpillar maana yake ni kiwavi. Benjamin Holt wa Stockton, California, alikuwa akitafuta trekta lisilozama kwenye udongo laini wa delta. Mwaka 1904 akang'oa magurudumu ya nyuma, akafunga minyororo, na mpiga picha aliyekuwapo akasema kitu hiki kinatambaa kama kiwavi. Huwa nawakumbusha vijana wangu habari hiyo. Mashine hii ilitungiwa tope la mtoni. Haikutungiwa mchanga wa Kaskazini Mashariki, unaoingia kila mahali penye upenyo wa unywele na kukaa humo ukisaga.

Kabla ya minyororo kufika, maji ya huku yalitafutwa kwa mikono. Wajir ina visima vifupi vilivyotobolewa kwenye mwamba wa chokaa, vimenywesha ngamia vizazi na vizazi. Garissa ina mto Tana. Kati ya Wajir na Garissa ni nchi ambayo mvua ikinyesha huota majani ya kupendeza, kisha majani hayo hukauka bila kuliwa kwa sababu hakuna maji ya kumfikisha ng'ombe hapo na kumrudisha. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya mkoloni ilimtuma mwanajiolojia Frank Dixey azunguke NFD, kama eneo hili lilivyoitwa. Alipendekeza yachimbwe mabwawa ya kukinga mvua mbali na visima vya kudumu ili mifugo itawanyike, na mpango wenyewe ukaitwa kwa jina lake. Mabwawa hayo ndiyo silanga tunazozijua, war kwa Kisomali. Silanga haina saruji wala bomba. Ni shimo lililochimbwa pale udongo wa mfinyanzi unapokubali kushika maji, lenye mdomo upande ule maji ya mvua yanakotiririkia.

Uhuru ulipokuja, kwetu haukuja peke yake. Hali ya hatari ilitangazwa Desemba 1963, vita vya Shifta vikafuata, na mpaka Kenya na Somalia zilipopatana Arusha mwezi Oktoba 1967, baadhi ya barabara zilikuwa zimetegwa mabomu ya ardhini. Nani angepeleka huko mashine ya tani 15? Ndipo katika miaka ya 1970, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na fedha za wafadhili wengine, serikali ikalirudia wazo la Dixey, safari hii kwa nguvu ya injini. Malisho yakagawanywa vitalu, kila kitalu na silanga zake. Huo ndio mradi ulioniokota Madogo.

Sheria za dharura zenyewe hazikufutwa hadi 1991. Nakumbuka abiria wa basi wakiteremshwa darajani mmoja mmoja kukaguliwa vitambulisho, hasa Wasomali, huku sisi tukipita na shovo yetu juu ya lori la kubebea. Chuma hakikuulizwa kipande.

Shovo yenyewe ilikuwa Caterpillar 955L: injini ya silinda nne, nguvu farasi 130, baketi inayobeba mita ya ujazo moja na nusu hivi. Piga hesabu. Silanga ya mita za ujazo 20,000 ni zaidi ya baketi 13,000. Buldoza ilisukuma sehemu kubwa ya udongo hadi kwenye tuta, lakini penye kona na penye kupakia lori, shovo ilifanya kazi yake tangu alfajiri hadi jua linapokuwa kali mno kushika leva. Watu huuliza kwa nini hatukutumia shovo ya magurudumu, iliyo nyepesi na yenye mbio. Jibu ni mgunga. Mwiba wa mgunga hautofautishi kandambili na tairi la shilingi elfu nyingi. Na kwenye tope la silanga ya zamani, tairi huzunguka papo hapo kama kuku aliyefungwa mguu.

Opereta wangu alikuwa Mkamba wa upande wa Mwingi, mzee kwangu ingawa sasa naona hakuwa amefika hata miaka 50. Alijifunza kazi kwa mtu aliyekuwa Kongwa, Tanganyika, katika ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kuzikwa 1951. Kongwa waliletewa matrekta yaliyobaki vitani, na mengine yaliyogeuzwa kutoka vifaru vya Sherman, na udongo wa pale ukayamaliza majembe kama tupa. Mwalimu wa mzee wangu alirudi kutoka huko na somo moja, naye mzee akanipa mimi: udongo ndio adui, na adui huyu hupigwa vita jioni.

Jioni, maana yake ni hii. Injini ikizimwa, watu wengine wakiwasha moto wa chai, tanboi anachukua sepetu na nondo iliyonolewa ncha, analala chali kando ya cheni na kukwangua. Anakwangua kati ya rola na rola, nyuma ya sproketi, ndani ya fremu, mpaka aone chuma. Udongo ungali mbichi hutoka kama ugali. Ukiulaza, asubuhi ni tofali.

Nilijua hayo yote. Lakini katika Jilaal, yaani kiangazi, ya mwaka wangu wa pili, tulipokuwa tukizoa tope la silanga iliyojaa, nilichoka usiku mmoja nikajiambia kesho. Mzee alikuwa na homa, hakukagua. Alfajiri shovo iliwashwa, ikasogea kama mita tatu. Rola zilikuwa zimeshikwa na tope lililokauka, hazikuzunguka; cheni ikaburuzwa juu yake, na tope lililoganda kwenye meno ya sproketi likaikaza hadi ikalia. Halafu mlio mmoja, kama risasi. Cheni ilikatika kwenye pini kuu na kulala mchangani nyuma ya mashine, ndefu, imenyooka, kama nyoka aliyegongwa na lori. Tulingoja pini siku 11. Mvua za Gu zilianza siku ya 9, silanga ikiwa nusu tu. Wazee wa boma jirani walikuja kuangalia. Mmoja alichutama, akaishika ile cheni, akaniuliza, "Warya, fundi, yote haya ni kwa ajili ya pini moja?" Mzee wangu hakunigombeza hata mara moja. Ningependa angenigombeza.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa minyororo. Injini inajulikana na mafundi wengi. Ukiipa oili safi na hewa safi itakuzika. Hewa safi ndiyo kazi. Chujio la hewa tulilipuliza kutoka ndani kwenda nje, kisha tukaliingiza kwenye hema lenye giza na kuwasha tochi katikati yake. Ukiona nukta ya mwanga inapenya, hata ndogo kama tundu la sindano, chujio hilo halirudi kwenye injini, uwe una jingine au huna. Kwa rejeta tulikinga maji ya mvua kwenye mapipa, kwa sababu maji ya visima vingi vya huku yana chumvi na huacha utando kama wa sufuria ya chai. Dizeli tuliichuja kwa kitambaa kabla ya kuijaza tangi. Hayo yote mtu hujifunza kwa mwezi mmoja.

Minyororo huchukua miaka. Cheni ya katapila ni viungo vilivyoshikanishwa kwa pini, na kila pini inazunguka ndani ya bushi. Kwenye cheni kavu za zamani, vumbi huingia kati ya pini na bushi na kula taratibu. Chuma hakipungui urefu kwa macho, bali cheni nzima inarefuka, kama mkanda wa suruali uliochoka. Ukitaka kujua imerefuka kiasi gani, unatia pini kuukuu kwenye jino la sproketi, unarudisha mashine nyuma kidogo cheni ijivute, kisha unapima viungo vinne kwa futi. Ulegevu unapimwa juu, kati ya rola ya juu na idla, lile gurudumu la mbele. Mzee alipima kwa vidole: viwili kwenye ardhi ngumu, vitatu kwenye tope. Kukaza ni kusukuma grisi kwenye silinda iliyo ndani ya fremu. Kulegeza ni kufungua vali mzunguko mmoja tu, ukiwa umesimama pembeni. Grisi ile ina shinikizo la kutoboa mwili. Mtu anayechungulia mbele ya vali ili aone kama inatoka hahitaji kuonywa mara ya pili, kwa kuwa nafasi ya pili hana.

Na kuna jambo la shovo peke yake. Buldoza hubeba uzito wake katikati. Shovo ikijaza baketi huinamia mbele, kwa hiyo rola za mbele na idla hufa kwanza. Opereta mwema hageuki papo hapo kila mara upande mmoja. Mbaya utamjua kwa kutazama cheni: ya kushoto nzima, ya kulia kama meno ya kizee.

Mashine zile za mradi hazikuuawa na vita wala na ukame wa 1984. Ziliuawa na rola. Mwanzoni spea zilikuja kutoka Nairobi, kwa mawakala, Gailey & Roberts, kampuni iliyokuwapo tangu 1904, na mkopo ulizilipia. Mkopo ulipokwisha, ndani ya yadi moja nilimofanya kazi, ambayo sitaitaja, shovo ya kwanza iliegeshwa kwa kukosa rola mbili. Wiki iliyofuata ikatolewa betri iende kwenye greda. Mwezi uliofuata, starta. Kufikia mwaka wa tatu ilikuwa imebaki fremu na kiti, na ndege amejenga ndani ya bomba la moshi. Wakati huohuo silanga zilikuwa zikijaa mchanga, kwa kuwa kila mvua huleta maji pamoja na udongo wake, na silanga isiyozolewa kila baada ya misimu michache hurudi kuwa uwanja. Mimi naziona hizo mbili kuwa habari moja. Kuzindua kuna kamba ya kukatwa na picha ya mheshimiwa. Kukwangua tope jioni hakuna mgeni rasmi.

Wataalamu wameandika lawama nyingine pia, kwamba maji yalivuta watu wakakaa, vibanda vikawa vijiji, na malisho ya kuzunguka silanga yakakanyagwa hadi yakawa vumbi. Ni kweli, nimeyaona. Lakini sijamwona aliyeishi hapo Jilaal akitaka silanga ifukiwe.

Uhai wa pili wa shovo uliletwa na msiba wa majirani. Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilianguka, na karibu na Dadaab zikafunguliwa kambi: Ifo, kisha Dagahaley na Hagadera. Kambi zinataka barabara, murram, mashimo, na makontrakta waliamka kutafuta chochote chenye minyororo. Kisha El Niño ya 1997 na 1998. Tana ilifurika, barabara ya kwenda Nairobi ikakatika, Garissa ikawa kisiwa. Maji yalipopungua kulikuwa na makorongo ya kujazwa na matope ya kuzolewa kwa miezi. Mimi na mwenzangu Msomali, mfanyabiashara wa mbuzi ambaye hakujua tofauti ya bushi na bakuli, tulichanga pesa mwaka 1999 tukanunua 955L mnadani. Ilikuwa na injini nzima na cheni zilizokwisha. Akaniuliza, "Walalo, hii inatembea?" Nikamwambia itatembea. Hakuuliza lini.

Cheni mpya ilikuwa na bei kuliko mashine. Kwa hiyo tuligeuza pini. Ufundi huu sasa vijana hawaujui, nao ndio uliolisha nyumba yangu. Sproketi hula bushi upande mmoja tu, ule inaousukuma. Upande wa pili hubaki mpya. Pini nayo hulika upande mmoja. Ukizitoa zote, ukazigeuza nusu mzunguko na kuzirudisha, cheni hurejea karibu urefu wake wa zamani na unapata maisha ya pili. Nairobi hufanywa kwa mashine kubwa ya kukandamiza. Madogo tulichomelea fremu ya vipande vya reli, tukaweka ndani yake jeki ya tani 50.

Pini ya kwanza ilikataa. Tuliipampu jeki hadi mpini ukapinda, ikakaa kimya. Nikawasha gesi, nikakipasha kiungo moto taratibu, nikikizungushia mwali bila kuusimamisha mahali pamoja, mpaka grisi kuukuu ndani yake ikaanza kutoa moshi mweusi wenye harufu ya nywele zilizoungua. Kisha kijana akashika kipande cha shafti ya lori kilichochomelewa mkono mrefu, akakielekeza kwenye pini, nami nikapiga kwa nyundo ya ratili 14. Pigo la sita sauti ilibadilika. Fundi huishi kwa sauti hiyo: nyundo huacha kulia "ngo" na kulia "du", nawe unajua ndani kitu kimekubali. Pini ilitoka inchi nzima. Upande mmoja ilikuwa inang'aa kama kioo, imebonyea hata ukucha unaingia. Upande wa pili ilikuwa na rangi ile ile ya kiwandani. Nilimpa mwenzangu ashike akiwa ameifunga kwa kitambaa, bado ina moto. Aliigeuza, akaigeuza tena. Akasema, "Kumbe ilikuwa na upande mwingine siku zote."

Tulimaliza cheni mbili kwa siku 19. Mashine ile imezoa silanga upande wa Balambala na Ijara, imepakia mchanga wa laga, ile mito ya msimu, imebomoa tuta na kujenga tuta. Kila Jumatano ilipakwa grisi yote. Pini za baketi, kila asubuhi.

Tangu kaunti zianze mwaka 2013 kazi zimeongezeka na mashine zimebadilika. Siku hizi ni eskaveta, lile la mkono mrefu, linalosimama ukingoni na kuchota tope bila kushuka ndani. Sitasema uongo, kwa kuchimba silanga linanishinda. Cheni zake zimefungwa kwa grisi ndani, hazigeuzwi kwa nyundo, zikichoka zinatupwa. Na mwenye mashine wa leo ana hofu ambayo sisi hatukuwa nayo, kwamba huko porini wanamgambo wa al-Shabaab hawaibi dizeli, wanachoma kila kitu.

Bado shovo yetu inaitwa, hasa kunapokuwa na kazi ndogo isiyolipa gharama ya kuleta eskaveta kutoka mbali. Mwezi huu tuna silanga moja ya kuzoa kabla ya mvua za Deyr, na rola mbili za mbele zimekwisha. Jumanne kijana wa duka la spea Kirinyaga Road, Nairobi, alinipigia simu: ipo moja, imetolewa kwenye mashine iliyokatwa kuwa chuma chakavu, haivuji. Nilimwambia aizungushe kwa mkono karibu na simu. Nikasikiliza. Nikamwambia aifunge kwenye magunia mawili, aitie kwenye buti la basi la usiku, na asikubali kondakta amtoze nauli ya mtu mzima kama mara ya mwisho. Ya pili nitaitafuta mwenyewe.